Kingamwili ya Mayostatini kwenye Westan Bloti: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kuichagua Hadi Kuiamini Bendi

Mayostatini ndiyo breki ya misuli. Msuli wenyewe huitengeneza na kuitoa nje ya seli, nayo huurudia msuli uleule na kuuzuia usinenepe kupita kiasi. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani waliiondoa jeni yake kwa panya wadogo wa maabara, na msuli mmoja mmoja wa panya hao ukafikia uzito mara mbili hadi tatu ya kawaida. Mwaka huohuo ikafahamika kwamba ng'ombe wa Belgian Blue, wale wenye mapaja yaliyofura, wana kasoro kwenye jeni hiyohiyo. Tangu hapo kila anayechunguza kudhoofika kwa misuli, iwe kwa uzee, saratani au magonjwa ya kurithi, hufika siku akataka kuipima protini hii. Mara nyingi huanza na kingamwili na westan bloti, yaani kipimo kinachopanga protini kwa uzito kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando, kisha kuionyesha ile unayoitafuta kama mstari mweusi, yaani bendi, kwa msaada wa kingamwili.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Mayostatini ni chache ndani ya msuli, ina maumbo kadhaa, ina ndugu anayefanana nayo karibu kwa kila kitu, na bendi zake mbili muhimu huangukia palepale vinapoangukia vipande vya kingamwili za damu. Niliwahi kutumia karibu miezi miwili nikipima bendi safi, nyeusi, iliyonyooka kwenye kilodaltoni 25 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini), bendi ambayo haikuwa mayostatini kabisa. Ninayoandika hapa ni mpangilio ninaoufuata tangu wakati huo.

Hatua ya 1: Amua unatafuta umbo lipi

Usifungue orodha ya muuzaji yeyote kabla ya kujibu swali hili, kwa sababu kila kingamwili huona sehemu moja tu ya protini.

Mayostatini ya binadamu huanza kama mnyororo wa asidi amino 375. Kipande kifupi cha mwanzo, kinachoielekeza njia ya kutoka, hukatwa mapema. Inabaki protini tangulizi. Ukikokotoa uzito wake kutokana na mpangilio wa asidi amino unapata kama kilodaltoni 40 na kidogo, lakini kwenye jeli mara nyingi huonekana karibu na 50, kwani imebeba sukari. Kimeng'enya kiitwacho furini huikata vipande viwili: sehemu ya mbele inaitwa propeptaidi, na sehemu ya nyuma, yenye asidi amino 109 na uzito wa takriban kilodaltoni 12.5, ndiyo mayostatini pevu. Sehemu pevu mbili hufungwa pamoja kwa kifungo cha disalfaidi zikawa dimeri ya kilodaltoni 25. Dimeri hiyo ndiyo breki yenyewe.

Lakini hata baada ya mkato wa furini, propeptaidi haiondoki. Huendelea kuikumbatia dimeri na kuilaza, mpaka vimeng'enya vya kundi la BMP-1 viikate propeptaidi hiyo. Kumbatio hilo si kifungo cha kudumu, na SDS, sabuni kali iliyomo kwenye bafa ya sampuli, hulivunja papo hapo. Kwa hiyo westan bloti itakuonyesha dimeri iliyolala na dimeri iliyoamka zikiwa kitu kimoja. Kama swali lako ni "mayostatini inayofanya kazi ni kiasi gani?", kipimo hiki peke yake hakitakujibu. Ni heri kulijua hilo sasa kuliko mtahini akuulize.

Ukitaka kujua msuli unatengeneza kiasi gani, kingamwili inayotambua protini tangulizi na propeptaidi inatosha, na mara nyingi ndiyo inayotoa picha safi zaidi. Ukitaka kujua kilichokwisha kukatwa, unahitaji kingamwili ya sehemu pevu.

Hatua ya 2: Isome karatasi ya maelezo kwa jicho la kutilia shaka

Anza na antijeni, yaani kile alichochomwa mnyama ili atengeneze kingamwili. Maandishi makubwa ya juu yanaweza kusema "kingamwili ya mayostatini" na kuishia hapo. Tafuta mstari mdogo unaotaja asidi amino za ngapi hadi ngapi. Kwa binadamu, kila kitu kuanzia 267 hadi 375 ni sehemu pevu, na kilicho kabla ya hapo ni propeptaidi. Muuzaji asiyetaka kutaja sehemu hiyo hata ukimwandikia, mimi simnunulii.

Jambo la pili ni ndugu yake, GDF-11. Sehemu pevu za protini hizi mbili zinafanana kwa takriban asilimia 90, ilhali propeptaidi zao zinatofautiana zaidi. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba GDF-11 hupungua kwenye damu ya panya kadiri wanavyozeeka, na kwamba kuirudisha hurejesha ujana wa moyo. Mwaka 2015 kundi jingine likaonyesha kwamba vitendanishi vilivyotumika havikuweza kutenganisha GDF-11 na mayostatini. Mabishano yaliyofuata yalikula muda na fedha za maabara nyingi, na chanzo chake kilikuwa kingamwili ambayo haikupimwa dhidi ya ndugu. Kwa hiyo uliza waziwazi: je, kingamwili hii ilijaribiwa na GDF-11 safi? Nionyesheni picha.

La tatu ni mnyama aliyetoa kingamwili. Sehemu pevu ya mayostatini haitofautiani hata kwa asidi amino moja kati ya binadamu, panya, nguruwe na kuku. Faida yake ni kwamba kingamwili moja inaweza kutumika kwa spishi nyingi. Hasara yake ni kwamba mfumo wa kinga wa mnyama anayechomwa huiona protini hii kama mali yake na huitikia kwa uvivu, ndiyo maana kingamwili nzuri za sehemu pevu ni adimu. Kama sampuli zako ni za panya, epuka kingamwili ya kwanza, yaani ile inayoishika mayostatini, iliyotoka kwa panya. Chukua ya sungura au ya mbuzi. Sababu yake utaiona vizuri Hatua ya 8.

Ukiweza kuchagua, chukua monokloni, yaani kingamwili ya aina moja tu, hasa ile inayotengenezwa kwa jeni iliyokwisha kusomwa, maana bechi ya leo na ya mwaka kesho zitakuwa sawa. Polikloni, yaani mchanganyiko wa kingamwili kutoka damu ya mnyama, huwa na nguvu na huvumilia protini iliyonyooshwa na SDS, ila mnyama akifa bechi hiyo hairudi. Angalia pia ni kazi gani iliyojaribiwa. Kingamwili inayofanya vizuri kwenye ELISA, kipimo cha kingamwili kisichotumia jeli, huenda inatambua umbo lililokunjwa tu, na ukishaichemsha protini na kuivunja vifungo, haioni kitu.

Hatua ya 3: Siku kichupa kinapofika

Kizungushe sekunde chache kwenye sentrifyuji kabla ya kukifungua, kwa kuwa maikrolita kadhaa huwa zimenasa kwenye kifuniko. Gawanya kwenye vichupa vidogo vya maikrolita 10 au 20, uviandike jina, namba ya bechi na tarehe, kisha uvihifadhi nyuzi 20 chini ya sifuri. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara ndiko kunakoua kingamwili. Kama imewekwa kwenye glisaroli asilimia 50 haitaganda kwenye baridi hiyo, na unaweza kuichota moja kwa moja bila kuigawa.

Tazama kama ina sodiamu azaidi. Dawa hiyo huzuia vijidudu, lakini huzuia pia peroksidesi, kimeng'enya kinachotoa mwanga mwishoni mwa kazi. Kwenye kingamwili ya kwanza si tatizo, maana utaiosha. Usiiweke kamwe kwenye bafa ya kingamwili ya pili, ile inayoishika ya kwanza na iliyobeba peroksidesi.

Hatua ya 4: Andaa msuli

Utahitaji miligramu 50 hivi. Ondoa mafuta na kano, kisha suuza damu kwenye bafa ya fosfeti yenye chumvi, iliyo baridi. Usiifanyie haraka hatua ya kusuuza. Damu ina immunoglobulini, yaani kingamwili za mnyama mwenyewe, na immunoglobulini ndiyo itakayokuja kukudanganya. Kama utaratibu wa wanyama wenu unaruhusu kupitisha bafa kwenye mishipa kabla ya kutoa msuli, ni bora zaidi.

Tumbukiza kipande kwenye nitrojeni ya kimiminika, kisha kiponde kwenye kinu cha kauri kilichokwisha kupozwa. Msuli ulioganda vizuri hupasuka kwa mlio mkavu kama kigae, na baada ya mapigo kadhaa unabaki unga mwepesi wa rangi ya waridi. Ukiona unga unashikamana na mchi, umeanza kuyeyuka: mimina nitrojeni tena. Usijaribu kuponda nyama laini, kwani vimeng'enya vinavyokata protini huamka mara tu joto linapopanda.

Weka unga huo kwenye bafa ya RIPA, inayopasua seli, yenye vizuizi vya proteesi (vimeng'enya hivyo vinavyokata protini), maikrolita 10 kwa kila miligramu ya msuli. Acha kwenye barafu nusu saa, ukitikisa kila baada ya dakika tano, halafu zungusha kwa 12,000 g dakika 15 kwenye nyuzi 4. Chukua kimiminika cha juu. Protini nyingi za nyuzi zenyewe hubaki kwenye mashapo, na mashapo hayo yahifadhi, usiyatupe: safari ya kwanza ni vizuri kuyaangalia nayo ujue kama protini yako imebaki chini.

Pima kiasi cha protini kwa BCA, kipimo cha rangi, kabla ya kuongeza DTT, kemikali inayovunja vifungo vya disalfaidi, kwa sababu DTT huvuruga kipimo hicho. Gawanya sampuli, kisha hifadhi nyuzi 80 chini ya sifuri.

Hatua ya 5: Jeli, mara mbili

Kila sampuli iendeshe kwa namna mbili: moja ikiwa imevunjwa vifungo vya disalfaidi kwa DTT ya milimolari 100, nyingine bila DTT kabisa. Zote zina SDS, zote huchemshwa nyuzi 95 kwa dakika tano. Ukiweza, ziendeshe kwenye jeli mbili tofauti. Ukilazimika kutumia moja, acha safu mbili tupu katikati, kwa maana DTT husambaa kando na kuvunja sampuli ya jirani.

Wengi huiruka hatua hii wakiona ni kazi ya ziada, na mwongozo huu wote umeshikwa na hatua hiyo. Sababu iko Hatua ya 8.

Kwa sehemu pevu, jeli ya kawaida ya asilimia 10 haifai, kwani kilodaltoni 12.5 itakimbia pamoja na rangi ya mbele na kupotea. Tumia jeli ya mteremko ya asilimia 4 hadi 20, au ya trisini ya asilimia 16, ambayo hupanga protini ndogo vizuri. Weka maikrogramu 30 hadi 50 za protini kwa kila safu. Simamisha umeme rangi ya bluu ikiwa bado ndani ya jeli. Chagua alama za uzito zenye bendi za 10 na 15, si zile zinazoishia 25.

Kwenye jeli hiyohiyo weka safu hizi za ulinganisho: mayostatini pevu safi iliyotengenezwa maabara, nanogramu 5 na 20, na GDF-11 safi kwa kiasi kilekile. Protini hizi hunata sana kwenye plastiki. Ukizizimua ndani ya bafa tupu, nusu yake inaweza kubaki kwenye ukuta wa kichupa. Zizimue kwenye bafa yenye albumini kidogo ya ng'ombe, asilimia 0.1, ukikumbuka kwamba albumini hiyo itaonekana kwenye kilodaltoni 66 utakapopaka rangi ya protini zote.

Hatua ya 6: Kuhamisha

Utando wa PVDF wenye vitundu vya maikromita 0.2, si 0.45. Ulowanishe kwanza kwa methanoli sekunde 30, usuuze, uutie kwenye bafa ya kuhamishia yenye methanoli asilimia 20. Volti 100 kwa saa moja, kwenye baridi, inanitosha. Protini ya kilodaltoni 12.5 inaweza kupenya utando na kutokea upande wa pili, kwa hiyo mara ya kwanza weka utando wa pili nyuma ya ule wa kwanza. Ukikuta bendi kwenye ule wa nyuma, punguza muda.

Baada ya hapo paka Ponceau S, rangi inayoonyesha protini zote. Safu zote zigeuke waridi kwa usawa, huku aktini ikijitokeza kama baa nene kwenye kilodaltoni 42. Angalia kama kuna duara jeupe palipokuwa na povu la hewa. Piga picha sasa hivi, kabla ya kusuuza, kwa sababu utaihitaji siku ya kukokotoa. Aktini hiyo ni nyingi mno, na huisukuma kando protini yoyote iliyo jirani. Protini tangulizi ya mayostatini, iliyo juu kidogo yake, inaweza kuonekana imepinda kama upinde. Hilo lisikutishe.

Hatua ya 7: Kingamwili zenyewe

Ziba utando kwa saa moja kwenye TBST (bafa yenye chumvi na sabuni kidogo) yenye maziwa ya unga asilimia 5 au albumini ya ng'ombe asilimia 5. Kama kingamwili ya kwanza ni ya mbuzi, usitumie maziwa: yana immunoglobulini za ng'ombe, na kingamwili ya pili iliyoelekezwa kwa mbuzi huzitambua hizo pia, hadi utando mzima unakuwa mweusi.

Mzimuo ulioandikwa na muuzaji uchukulie kama mahali pa kuanzia. Kata utando vipande vyembamba vya wima vyenye sampuli ileile, na kila kimoja ukipe mzimuo wake: 1:500, 1:1,000, 1:2,000 na 1:5,000. Andika pia kiasi halisi, maana mzimuo peke yake hausemi kitu kwa mwenye kichupa tofauti. Kingamwili ya miligramu 0.5 kwa mililita ikizimuliwa 1:1,000 inakuwa maikrogramu 0.5 kwa mililita. Unachotafuta ni mzimuo ambao bendi ya kidhibiti chanya, sampuli unayojua ina mayostatini, bado iko wazi huku mandhari ikiwa imetulia. Bendi iliyo nyeusi kuliko zote siyo lengo.

Acha usiku kucha kwenye nyuzi 4, utando ukitikiswa polepole. Asubuhi osha kwa TBST mara tatu, dakika kumi kila mara. Kingamwili ya pili, iliyobeba peroksidesi, iwe 1:5,000 hadi 1:20,000 kwa saa moja kwenye joto la chumba. Nunua ile iliyochujwa dhidi ya immunoglobulini za spishi ya sampuli yako. Kama unatumia kingamwili ya kwanza ya sungura kwenye msuli wa panya, ya pili iwe inayoshika za sungura, iliyochujwa isishike za panya. Osha tena mara nne.

Weka kemikali ya mwangaza, subiri dakika moja, kausha kingo kwa karatasi, piga picha kwa muda mfupi kwanza: sekunde 5, 15, 30, dakika 2. Picha ambayo kamera yake imeshiba haipimiki, hata ikipendeza.

Hatua ya 8: Kuisoma picha

Sasa weka jeli mbili kando kwa kando, ile yenye DTT na ile isiyo nayo.

Dimeri halisi ya mayostatini hukaa kwenye 25 bila DTT, na ukitia DTT hushuka hadi karibu 12.5. Mnyororo mwepesi wa immunoglobulini hufanya kinyume. Bila DTT, immunoglobulini nzima iko juu kabisa, karibu na 150. Ukitia DTT huvunjika, mnyororo mzito ukaangukia 50, mwepesi ukaangukia 25. Angalia namba hizo tena: 50 ndipo hukaa protini tangulizi, 25 ndipo hukaa dimeri. Mtu anayeendesha jeli yenye DTT pekee, akaona bendi mbili kwenye 50 na 25, atasema amepata protini tangulizi na dimeri, ilhali ameona damu ya panya. Hivyo ndivyo ilivyonipata. Siku nilipoendesha utando mmoja bila kingamwili ya kwanza, ya pili peke yake, bendi yangu ya 25 ikatokea vilevile, nyeusi na imenyooka.

Kwa hiyo bendi ya 25 inayoonekana kwenye safu yenye DTT isipewe jina la mayostatini moja kwa moja. Inawezekana ni dimeri ambayo haikuvunjika vizuri, kwa kuwa protini za familia hii zina fundo gumu la sisteini, asidi amino inayofunga vifungo vya disalfaidi, ndani yake. Ongeza DTT, chemsha dakika kumi. Kama 25 inapungua na 12.5 inaongezeka, uko njiani. Kama haitikisiki, itilie shaka. Bila DTT protini tangulizi nayo hufungana mbilimbili na kupanda karibu na 100, kwa hiyo bendi ya 50 inayopotea na kutokea huko juu ni dalili njema.

Propeptaidi iliyobeba sukari huonekana kati ya 36 na 40. Bendi kwenye 66 mara nyingi ni albumini. Karibu na 220 kuna mnyororo mzito wa myosini, ambao hushika karibu kila kingamwili chafu.

Hatua ya 9: Ithibitishe

Ndugu msomaji, hapa usikubali kuharakishwa na mtu. Mwaka 2016 kundi la kimataifa la wanasayansi lilipendekeza njia tano za kuthibitisha kingamwili: kuondoa au kupunguza jeni, kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili, kutumia kingamwili mbili zinazoona sehemu tofauti, kuzalisha protini iliyotiwa alama, na kuinasa protini kisha kuitambua kwa spektrometa ya uzito. Huhitaji zote tano. Kwa mayostatini, ya kwanza ndiyo iliyo na uzito kuliko zote.

Omba kipande cha msuli wa panya asiye na jeni hiyo kutoka maabara inayowafuga. Miligramu 50 zinatosha vipimo vingi, na kwa uzoefu wangu watu hawakatai. Iendeshe safu hiyo kando ya panya wa kawaida. Bendi inayobaki pale pasipo na jeni si mayostatini, hata iwe na uzito unaoutaka. Uliza lakini ni sehemu gani ya jeni iliyoondolewa. Panya wa 1997 waliondolewa eneo la sehemu pevu, hivyo wanafaa sana kupima kingamwili ya sehemu hiyo. Kwa kingamwili ya propeptaidi si ushahidi kamili.

Hilohilo liko kwa ng'ombe. Belgian Blue wamepoteza herufi 11 za jeni, na mpangilio wa sehemu pevu umeharibika. Piedmontese wana protini yenye urefu kamili, ila sisteini moja imebadilishwa kuwa tirosini. Breki haifanyi kazi, lakini kingamwili inaweza kuiona bado. Msuli wa Piedmontese usiuite kidhibiti hasi.

Usipopata msuli wa aina hiyo, chukua seli za HEK293, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, nusu uzipe jeni ya mayostatini, nusu uzipe plasmidi (kibeba jeni) tupu. Utapata kidhibiti chanya na hasi kwa wiki moja. Upungufu wake ni kwamba seli hizo huzalisha protini kwa wingi usio wa kawaida, na kingamwili dhaifu huonekana shujaa.

Kuhusu kuizima kingamwili kwa peptaidi iliyoitengeneza: inaonyesha kwamba kingamwili inashika peptaidi hiyo, basi. Bendi ya uongo inayoshikwa na mkono uleule nayo itazimika. Nimeona makala zikilitegemea jaribio hili peke yake, na sioni kama linatosha.

Utando wa kingamwili ya pili peke yake ni wa lazima kila mara sampuli inapobadilika spishi. Na safu ya GDF-11 itakueleza uandike nini kwenye ripoti. Ikiwaka sawa na mayostatini, andika "mayostatini/GDF-11" kwa uaminifu, au rudi kwenye kingamwili ya propeptaidi.

Hatua ya 10: Namba

Endesha sampuli moja kwa maikrogramu 10, 20, 40 na 60. Kama bendi haiongezeki maradufu unapoongeza maradufu, umetoka nje ya eneo linalopimika. Rekebisha kwa protini zote za Ponceau S, si kwa GAPDH, protini ya seli ambayo wengi huitumia kama rejeo. Msuli unaokonda hubadilisha GAPDH yake, nawe utajikuta unagawanya badiliko kwa badiliko. Sampuli za kulinganishwa zikae utando mmoja. Zikizidi, rudia sampuli moja ileile kwenye kila utando iwe daraja.

Kwa damu usitumie njia hii. Tumia ELISA, na usome kama maelekezo yanataka sampuli itiwe asidi kwanza. Asidi huiachanisha mayostatini na propeptaidi, folistatini na wengine wanaoishikilia, na bila hiyo unapima sehemu ndogo tu. Kwa vipande vya msuli chini ya hadubini, uthibitisho wa westan bloti hauhamii huko. Anza upya na msuli usio na jeni.

Unapoandika matokeo, taja jina la kingamwili, namba ya orodha, namba ya bechi, mnyama, sehemu inayoitambua, kiasi kwa maikrogramu, na uonyeshe utando mzima pamoja na alama za uzito. Bechi mpya ikifika, toa kichupa kimoja cha ile ya zamani, uziendeshe zote mbili siku moja, kwenye vipande viwili vya utando uleule, panya wa kawaida na panya asiye na jeni wakiwa kando kwa kando. Weka picha hiyo kwenye faili la kingamwili hiyo kabla hujaigusa sampuli hata moja ya utafiti wako.